Shimo la Miguu Yangu

Nilipokuwa mtoto wa kutambaa bado, ilhali wenzangu wa rika langu wameshaanza kutumwa dukani, bibi mzaa baba aliamua kwamba ardhi ndiyo inayoninyima miguu. Kwetu Mlali wazee wengi waliamini hivyo: mtoto asiyesimama ardhi haijamkubali, basi afukiwe hadi kiunoni mpaka imkubali.

Shimo alilichimba mwenyewe, kando ya zizi la mbuzi. Mama alisimama mlangoni analia, lakini kwa wakwe zake hakuwa na sauti.

"Nyamaza," bibi alimwambia. "Au unataka nibebe mzigo huu mpaka nife?"

Alishindilia udongo kwa mguu. Jua lilipopanda, watoto walikuja wakanirushia mavi ya mbuzi, na mikono yangu iliyokakamaa haikuweza kunikinga uso. Nilijikojolea humo humo. Nilipomwita bibi alinijibu kwa upole, na upole ule ndio ninaoukumbuka zaidi: "Vumilia, mjukuu wangu. Ardhi haipendi kelele."

Ikawa hivyo kila asubuhi, hadi mapaja yakachubuka na kutunga usaha. Ndipo mama akanifunga mgongoni, akatorokea kwa dada yake aliyeishi Nzuguni. Hospitalini walisema nina mtindio wa ubongo, hitilafu ya ubongo iliyokakamaza viungo vyangu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alininyoosha misuli, nikapiga mayowe. Mama alijifunza, akaendelea nyumbani miaka na miaka, akiacha kila niliposema basi. Hatimaye nikatembea kwa magongo.

Nilirudi Mlali kumzika bibi. Watu walinitazama nikitembea, wakasema, "Ardhi imemkubali." Niliwaeleza habari za mazoezi. Walinisikiliza kwa adabu tu.

Baada ya msiba ule, jirani yetu Mama Yoeli, aliyeniona nikitembea mazishini, alimfukia mwanawe, ambaye naye hakuwa akisimama. Mvua ilimkuta mtoto shimoni, mama yake yuko shambani. Mtoto alikufa kwa nimonia.

Nilikwenda kumpa pole. Hakunilaumu. Aliitazama miguu yangu, kisha akauliza taratibu, "Wewe walikuwa wakikuacha humo kwa muda gani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba shimo halikunisaidia kitu.

"Sawa, mwanangu," alisema, akainuka kunichemshia chai.

Hakuniamini, na sikurudia. Angeniamini, ingembidi akubali kwamba mwanawe alikufa bure, tena kwa mikono yake. Siku ile nilielewa kwa nini imani ile haifi upesi: waliopoteza watoto kwa ajili yake ndio wasioweza kuiacha.