Agnesi wa Viatu na Pambano la Laela

Tito aligeuza simu ili kila aliyekaa kwenye benchi aone. Kwenye kioo, wanaume wawili walikuwa wakipigana mieleka katika ukumbi mdogo wa nchi ya mbali. Watazamaji walikaa kwenye viti vya plastiki kama wako harusini. Hakukuwa na fataki wala taa za rangi. Hiyo ndiyo mieleka aliyoipenda Tito, kijana fundi simu: ya vikundi vidogo vinavyojitegemea, visivyo na televisheni wala tajiri nyuma yao.

"Dakika arobaini," alisema. "Na mpaka sasa hakuna aliyelala chini."

"Ninayelala ni mimi," alijibu Anyitike, wakala wa tiketi za mabasi, mtu wa Mbeya aliyehamia Sumbawanga na kuoa hapohapo. "Dakika arobaini ni adhabu. Kumi zinatosha. Mtu apigwe, tukale."

"Wewe unapima mieleka kwa njaa, kaka."

"Na wewe unapima kwa bando."

Wakacheka, kisha wakamgeukia Agnesi, maana benchi lilikuwa lake na neno la mwisho pia lilikuwa lake. Agnesi aliuza viatu vya mtumba pembeni mwa soko. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mjane, na kila asubuhi alivaa sweta juu ya kitenge kwa sababu upepo wa Sumbawanga haujali kama jua limetoka. Alikuwa anafuta tope kwenye raba ya mtoto, na hakuinua uso.

"Urefu si kitu," alisema. "Niambieni kwanza wanagombea nini. Kosa dogo linalipwa upesi. Kosa kubwa likilipwa upesi, mtu anarudi nyumbani na hasira yake."

Maneno kama hayo ndiyo yaliyowakusanya watu kwenye benchi lile. Agnesi alizaliwa Mwimbi, akamaliza darasa la saba, akaja mjini kulea watoto wa dada yake. Mieleka aliijulia kwenye banda la video, akiwa msichana pekee kati ya wavulana, na wavulana walimvumilia kwa sababu aliweza kuwasimulia waliokosa kuingia. Akisimulia yeye, stelingi alikuwa na mama mgonjwa na adui alikuwa na sababu. Waliokuwa ndani walikuja kumsikiliza pia, wajue walichokuwa wametazama.

Siku hizo hakuwaza kwamba mtoto wa dada yake mwenyewe angeingia ulingoni. Dada alipofariki, Frank alibaki kwake, akakua mrefu na mwenye mabega. Sasa alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na siku za gulio alikuwa mwanamieleka katika kikundi cha Alfonsi. Alfonsi ndiye aliyekusanya vijana, akaunda ulingo wa mbao juu ya magunia ya pumba, akazungushia kamba zilizovishwa mipira ya baiskeli, na yeye mwenyewe akawa refa.

Shida ya Alfonsi ilikuwa moja. Mapambano yake yalikwisha kama tangazo la redio. Vijana walipanda, wakarushana, mmoja akahesabiwa, wakashuka. Watu walianza kuondoka kabla ya pambano la pili. Mwezi wa saba alikuja kwenye benchi, akakaa, akavua kofia.

"Dada Agnesi, nisaidie. Vijana wana nguvu lakini hawana hadithi."

Agnesi aliwaza siku kadhaa, kisha akampa. Frank awe adui, na Christopha, kijana mpole mbeba mizigo wa sokoni, awe stelingi. Frank azidiwe. Akishazidiwa, achuchumae, akunje viganja na kupiga makofi yale ya taratibu, kama Mfipa anavyomwamkia mtu wa kuheshimiwa. Christopha, kwa kuwa amelelewa vizuri, ashuke naye chini aitikie. Na pale viganja vya Christopha vitakapokuwa vimekutana, Frank ampige. Christopha alale, ahesabiwe tatu, Frank ashinde kwa aibu. Kisasi kije mwezi unaofuata.

"Mama mdogo, watanichukia," Frank alisema, na macho yake yalikuwa yanacheka.

"Wakikuchukia ndiyo watarudi."

Sumbawanga mjini jambo hilo lilifanya kazi kupita walivyotarajia. Watu walizomea, wakapiga miluzi, na kesho yake vijana wa bodaboda walikuwa wanachuchumaliana na kupigana makonde ya uongo barabarani. Pambano lilikuwa limefika dakika kumi na tano na hakuna aliyeondoka. Tito alitamba wiki nzima. Anyitike akakubali kwamba njaa hakuisikia.

Basi wakaipeleka hadithi hiyo Laela, mji mdogo wa wakulima.

Ilikuwa mwezi wa nane, siku ya gulio, mahindi yamejaa kando ya barabara na wanunuzi na malori yao. Ulingo ulisimamishwa nyuma ya maghala. Agnesi alikuja na viatu vyake kwenye gari la Alfonsi, akatandika turubai, lakini mapambano yalipoanza alimwachia jirani biashara akasogea mbele. Tito na Anyitike walikuwa tayari kwenye kamba.

Aliwatazama watu kabla hajatazama ulingo, na kitu kilimgusa vibaya. Hawa hawakuwa vijana wa mjini. Walikuwa wanaume waliotoka mashambani na makoti mazito, akina mama na wajukuu mgongoni, wazee wenye fimbo. Wengi hawakuwahi kuona mieleka. Wakati Frank anapanda, mama mmoja alimwuliza mwenzake kwa Kifipa hawa vijana wamekoseana nini, na mwenzake akajibu kwamba hajui, lakini lazima ni jambo zito maana wameitiwa refa.

Pambano lilienda vizuri. Christopha aliinuliwa, akaangushwa, akainuka. Frank alizidiwa, akarudi nyuma mpaka kwenye kona. Kisha akachuchumaa, akakunja viganja, akapiga.

Kelele zote zilikatika. Wazee wawili, bila kujijua, waliitikia kwa viganja vyao kutoka hukohuko chini. Christopha akashuka polepole, akaitikia. Frank akampiga.

Agnesi alisubiri wazomee. Hawakuzomea.

Alijua kelele za watu wenye hasira, na alijua pia kwamba kelele ni salama, kwa kuwa mtu anayepiga kelele bado anatazama. Hawa walinyamaza. Kisha mwanaume mmoja wa koti la kijani, mwenye mpini mpya wa jembe alioununua siku hiyo, akampa mwenzake mfuko wake amshikie. Akaanza kusogea mbele. Hakukimbia. Wengine wakamfuata.

"Mama, wanaipenda," Tito alinong'ona, simu juu, anarekodi.

"Shusha hiyo simu."

Frank alikuwa amelala juu ya Christopha kama walivyopanga, mgongo wake umewaelekea watu. Hakuona kitu. Alfonsi alipiga magoti akapiga mbao mara ya kwanza. Agnesi alishika kamba ya chini, akaingiza kichwa.

"Alfonsi! Usihesabu!"

Alfonsi aligeuka, mkono hewani. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Dada, tumalize tutoke. Gari liko pale. Ona watu."

"Ndiyo maana. Ukihesabu tatu umewaambia kijana huyu ameshinda kwa ile salamu. Watammaliza wao. Huwezi kufika kwenye gari."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwamshe Christopha. Ampige."

"Kwa muda gani?"

Agnesi aliwatazama tena watu. Akasema, "Uniangalie mimi."

Alfonsi aliinama kama refa anayekagua jicho la aliyeumia, akasema kitu masikioni mwao wote wawili. Agnesi aliona mgongo wa Frank ukikakamaa. Kijana aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza akaliona lile koti la kijani, ule mpini na sura zilizokuwa nyuma yake. Akamtafuta mama yake mdogo kwa macho. Agnesi akamtikisia kichwa: baki.

Na Frank akabaki. Angeweza kuruka upande wa pili akakimbilia kwenye malori. Alisimama, akampa Christopha nafasi ya kuinuka.

Christopha alipoinuka, Laela nzima ilinguruma. Kofi la kwanza lilitua kifuani mwa Frank, na lilikuwa la kweli. Katika mieleka makofi ya kifua hayana uongo, ngozi ni ngozi. La pili likafuata. Watu wakaanza kuyaitikia kwa sauti moja. Mwenye koti la kijani alikuwa amefika kwenye kamba, ameweka mkono juu yake, lakini hakupanda. Alikuwa anatazama.

"Sasa hivi inatosha," Anyitike alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada Agnesi, inatosha. Mtoto anaumia."

"Bado."

"Kifua kimekuwa chekundu! Mwambie refa akate!"

"Anyitike, mtazame yule. Mkono wake umeshika mpini vipi?"

Anyitike akatazama, akashika kamba kwa mikono miwili.

Frank alianguka, akanyanyuliwa. Alirushwa kwenye kamba, akarudi, akaangushwa chini kwa mgongo mpaka pumba zikatoka vumbi katikati ya mbao. Mdomo ulipasuka. Christopha naye alikuwa anahema, anamtazama Alfonsi, na Alfonsi anamtazama Agnesi. Kila walipomtazama, alijua kwamba akitikisa kichwa kusema bado, Frank atapigwa tena, na akiwasimamisha mapema mno, atapigwa na watu ambao hawajui kuacha. Alimlea kijana huyu tangu hajui kufunga kamba za viatu. Akatikisa kichwa. Christopha akapiga.

Frank aliinuka kwa goti moja. Hakujikinga tena. Aligeuka akawaelekea watu, si Christopha, akafungua mikono yake akaacha kifua wazi, mdomo unatoka damu, kana kwamba anawaambia chagueni. Hilo hakuna aliyelipanga. Christopha alikunja mkono, akawatazama watu na yeye, akingoja.

"Piga!" alisema mtu.

"Aa, mwache," alisema mwanamke mmoja. "Amekoma huyo. Mnataka afe?"

"Akome vizuri!"

"Amekoma! Huoni amekoma?"

Wakaanza kubishana wao kwa wao. Yule wa koti la kijani aligeuka kumsikiliza mwanamke, akamjibu jambo, mwanamke akamjibu kwa ukali zaidi, na watu wa karibu wakacheka. Mwanaume naye akacheka kidogo, kwa kulazimishwa. Akashusha mpini, akauegemea kama mtu anayepumzika shambani.

"Sasa," Agnesi alimwambia Alfonsi, akampungia mkono.

Christopha alimlaza Frank kwa upole. Alfonsi akahesabu, na Laela yote ikahesabu naye. Walipomteremsha Frank hakuna aliyemgusa. Walimpa njia. Mama mmoja tu alimfuata mpaka kwenye gari, akasimama mbele yake, akamkazia macho.

"Nani alikufundisha kuamkia namna ile?"

Frank akafungua mdomo, lakini Agnesi alimtangulia.

"Ni mimi, mama."

Yule mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko pambano lolote ambalo Tito aliwahi kulisifia. Kisha akaondoka.

Wiki iliyofuata benchi lilijaa. Tito alikuwa amekadiria urefu wa pambano lote, akalitangaza kuwa refu kuliko yote yaliyowahi kupigwa mkoani, na bora. Anyitike hakubishana naye. Frank alikuwa amekaa mwishoni, amejifunika koti, hawezi kuinua mkono wa kulia zaidi ya bega.

"Mshikaji, yale maumivu uliyaigiza vizuri sana," Tito alisema.

"Kuna mahali nilisahau kama tunaigiza," Frank alijibu. Hakuwa analalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na Agnesi aliyekuwa anapanga viatu akasimamisha mikono.

Ndipo Alfonsi alipofika. Watu wa Mwimbi walikuwa wamesikia, na walitaka pambano lilelile, la urefu uleule, na salamu yake.

"Salamu hapana," Agnesi alisema.

"Mama mdogo, mimi niko tayari," Frank alisema. "Lakini safari hii mimi niwe stelingi. Christopha ndiye achuchumae."

"Nimeshamwuliza," Alfonsi alisema. "Amekataa. Bibi yake yuko Mwimbi."

Anyitike alicheka mpaka akashika tumbo, na Frank akacheka akaumia ubavu. Agnesi hakucheka, ila alikaa kwenye benchi, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi wakati wa biashara.

"Tutafute kosa lingine," alisema. "Dogo. La kusamehewa siku hiyohiyo, watu wakiwa bado wamesimama."

"Kama lipi?" aliuliza Alfonsi.

Wakafikiri, watu watano kwenye benchi la watu watatu.

"Aibe kiatu," alisema Anyitike.

"Cha nani?"

"Cha refa."

Alfonsi akatazama miguu yake. "Kikiwa cha refa," alisema, "nitahesabu haraka sana."

"Kwa hiyo dakika kumi," Anyitike akasema.

"Kumi na mbili," Tito akasema, na ubishi ukaanza upya, huku Agnesi akimsogezea Frank kikombe cha chai upande wa mkono unaoweza kuinuka.