Sheria ya Ng'ombe Mmoja

Juzi mafundi walichimba mtaro mbele ya nyumba yangu hapa Migori. Walipofika chini kidogo, majembe yakaanza kutoa udongo wa mfinyanzi, ule mweusi unaoteleza, na harufu yake ikanifuata hadi jikoni. Nilitoka nikasimama kando ya mtaro, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikinusa shimo. Mboga zangu ziliungua na wala sikujali.

Harufu ile ni ya nyumbani kwetu, karibu na Kosele, miaka michache baada ya Uhuru. Nyanya yetu alikuwa akifinyanga vyungu, na mabaki ya udongo wake yalikuwa mali ya wajukuu. Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu Owino, Nyangweso wa boma la jirani, na Akeyo, binti ya baba mkubwa, ambaye kwetu ni dada tu. Akeyo ndiye aliyetunga mchezo wetu. Tuliuita Mji. Kila mmoja alifinyanga mtu wake, akampa jina, nyumba na ng'ombe, kisha akawa anamsemea kila neno. Wangu alikuwa mama mchuuzi mwenye kiburi. Wa Nyangweso alikuwa tajiri, na kwa jinsi alivyowapigia mluzi wale ng'ombe wake wa udongo ungedhani jioni watakamuliwa.

Mambo ya Mji yaliamuliwa na vipande vinne vya kibuyu. Uliporusha vikaanguka vyote tumbo juu, mtu wako amegombana na wenzake na lazima aondoke. Aliwekwa juu ya jiwe pembeni, na jiwe hilo Akeyo aliliita Karungu. Ila kulikuwa na sheria moja ambayo Akeyo hakumruhusu mtu kuigusa: aliyekwenda Karungu angerudi, mradi mmoja wetu atoe ng'ombe mmoja na kwenda kumfuata. Ijumaa jua likikaribia kutua tuliwalaza watu wetu kapuni, maana kwetu ni Wasabato na hata watu wa udongo walipaswa kupumzika. Akeyo hakukubali kapu lifunikwe ikiwa kuna mtu aliyebaki jiweni. Nyangweso angenuna, akasonya, mwishowe akatoa ng'ombe.

Mtu wa Akeyo mwenyewe aliitwa Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kama wake wa kwetu wanavyoitwa kwa kule walikozaliwa. Ndivyo alivyoitwa mama yake pia. Mama yake alikuwa ameondoka miezi mingi iliyopita. Tuliambiwa amekwenda kuwasalimia watu wa kwao, na mtoto wa siku zile hakuuliza mara mbili.

Likizo ya Agosti akaja binamu yetu Okelo kutoka Isebania, kule mpakani, ambako baba yake alikuwa na duka. Alikuja na viatu, soksi, na Mji mpya. Wetu ulikuwa wa kizamani, alisema. Wake ulikuwa na malori, askari wa mpaka na karani wa kuandika vibali. Akachora mstari wa makaa juu ya mwamba tuliochezea.

"Hii ni mpaka," alitutangazia. "Mtu akivuka hapa, ameenda. Harudi. Tunamvunja, tunaloweka udongo, tunatengeneza lori."

Owino alishangilia, akanguruma kama injini mpaka mate yakamtoka. Nyangweso alilalamika kwamba karani asiye na hata mbuzi sasa anamwamuru tajiri, lakini alipogundua hatatoa tena ng'ombe wa kumfuata mtu, akaona sheria mpya ina akili. Mimi Okelo aliniahidi kwamba mtu wangu ndiye atakuwa karani, tena mwenye kofia. Sikuhitaji kubembelezwa zaidi.

"Chezeni na malori yenu," Akeyo alisema. "Lakini watu warudi."

"Sasa kama kila mtu anarudi, mchezo iko wapi?"

"Si ni ng'ombe moja tu!" Sauti yake ilipasuka. "Moja tu!"

Tulicheka. Tukapiga kura kwa mikono, na wangu uliinuka kabla ya ule wa Okelo.

Siku ya tatu vipande vya Akeyo vikaanguka vyote tumbo juu. Alimshika Nyar Karungu kwa mikono miwili, akanitazama mimi, si Okelo. "Awuor, nyamera," aliniita, dada yangu, "toa ng'ombe." Nilikuwa nao saba, wamejipanga mbele ya miguu yangu. Nikamwangalia karani wangu na kofia yake, nikasema sheria ni sheria. Nikampokonya yule mwanamke wa udongo, nikamvunja kwa mikono yangu mwenyewe.

Akeyo hakulia. Aliokota vile vipande akaenda kwa nyanya, nami nikamfuata nikihofia kushtakiwa. Hakunishtaki.

"Dani," alimwuliza nyanya, "baba ana ng'ombe wangapi?"

Mikono ya nyanya ilisimama juu ya chungu. "Hayo ni ya wanaume, mtoto wangu," alisema, akaendelea kulainisha.

Okelo alirudi kwao shule zilipokaribia kufunguliwa. Akeyo hakucheza tena, na bila yeye Mji ukafa wenyewe, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua la kuwatendesha wale watu.

Mwaka uliofuata habari zilifika kutoka Karungu. Mama yake Akeyo alikuwa ameugua homa huko kwao, akafa. Kwa kuwa mahari yake ilikuwa imetolewa, ilibidi azikwe nyumbani kwa mumewe, basi baba mkubwa akaenda hatimaye kumchukua, na gari la kukodi likamleta ndani ya sanduku. Kwa ajili ya waombolezaji alitolewa ng'ombe zizini, dume kubwa jekundu. Akeyo alisimama kando ya ua akimtazama anavyovutwa kwa kamba.

"Kumbe ng'ombe alikuwepo," alisema, wala hakuwa akimwambia mtu.

Sikumwelewa. Niliona tu kwamba ni maneno ya ajabu siku ya msiba wa mama. Miaka mingi ikapita, nikaolewa, nikagombana na mume wangu, nikarudi kwetu na mtoto mgongoni. Siku arobaini nilichungulia barabara. Kisha asubuhi moja mume wangu akaja na wazee wawili, na nyuma yao mvulana akiswaga mtamba mweupe, ng'ombe wa kumrudisha mke. Hapo mlangoni ndipo nilipojua Akeyo alikuwa akituomba nini, yeye ambaye watu wazima hawakumpa nafasi ya kuomba popote isipokuwa pale mwambani. Nilikusudia kwenda kumwambia. Niliahirisha kwa sababu ya aibu, mwaka baada ya mwaka, na sasa naye hayupo.

Nilikuwa na ng'ombe saba. Aliniomba mmoja.