Mke Wangu Alipoona Milima ya Barafu

Kule Doha mke wangu alikuwa dada yangu kwa miaka miwili na kitu. Usikimbie, nitaeleza.

Yeye ndiye alitangulia kwenda. Ajenti wa Nairobi alimwambia familia za kule hazitaki mfanyakazi aliyeolewa, eti mawazo yote yanabaki kwa bwana na wali unaungua. Basi akasema hajaolewa. Akakaa Al Sadd, mtaa wa Doha, karibu mwaka mzima, halafu siku moja Madam wake akamuuliza kama anamjua dereva wa kuaminika, maana yule waliyekuwa naye alikuwa amegonga geti mpaka geti likazoea. Mke wangu kwa furaha akajibu kabla ya kufikiria: "Niko na kaka yangu." Angesema binamu. Angesema jirani. Alisema kaka, tena wa tumbo moja.

Ndivyo nilivyopata kazi. Shule niliachia kidato cha pili, na cheti pekee nilichokuwa nacho maishani ni cha ubatizo, lakini gari naendesha. Nikapewa chumba kando ya geti. Yeye alilala ndani, ghorofani, karibu na watoto. Kati yetu kulikuwa na ua wa marumaru ambao hata kuku angevuka bila kuchoka, na mimi sikuwahi kuuvuka. Chakula changu alikileta kwa sinia mpaka mlango wa jikoni.

"Kaka, umeshiba?" ananiuliza, Madam akiwa amesimama nyuma yake.

"Nimeshiba dada yangu, Mungu akuweke."

Tulidhani ni mchezo wa mwezi mmoja, wakituzoea tutasema ukweli. Lakini kila mwezi uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Tukisema, huenda tukapandishwa ndege wote wawili. Tusiposema, tutazeeka tukiitana kaka na dada. Mimi nilitaka tuseme, yeye aliogopa. Hayo ndiyo yalikuwa magomvi yetu ya ndoa, na tulikuwa tunagombana kwa kunong'ona, ndani ya gari, tukienda kuchukua watoto shuleni.

Halafu Madam akaanza kunitafutia mchumba. Kulikuwa na msichana wa Uganda nyumba ya jirani, mpole, anapika vizuri. Mke wangu aliniletea habari hiyo akiwa amenuna.

"Nimemwambia huwezi kuoa. Una tabia mbaya."

"Tabia gani?"

"Nimesema unakoroma na huogi."

Tangu siku hiyo Madam alikuwa anashusha kioo cha gari hata jua likiwa la kuoka mkate, nami nasema asante kwa hewa.

Joto lilipofika, familia ikatoroka kama kawaida ya wenye uwezo. Wengine huenda London, wengine Uturuki. Bosi wetu alikuwa ameona picha za nchi moja iko juu kabisa ya ramani, jina lake mpaka leo siwezi kulitamka bila kujiuma ulimi. Akakodi gari kubwa lenye vitanda ndani, wazunguke pwani ya huko yeye na Madam, wawili wao mbele kama vijana waliooana jana. Nyuma watoto, na katikati ya watoto, mke wangu.

Mimi nikaachiwa magari. Kila asubuhi niyawashe moja moja na kuyatembeza kidogo betri zisife, nimwagilie maua, nilishe paka. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Nilijaribu kuongea na paka lakini alikuwa amezoea Kiarabu. Jioni nilikaa kwenye ngazi za jikoni, pale huwa naletewa sinia, nikala mkate na dengu za kopo nikijiuliza mwenyewe kama nimeshiba.

Cha ajabu ni kwamba ndoa yangu ilifufuka wakati huo. Madam alimpa mke wangu simu yenye laini ya kule ili wasipoteane. Kwa Bosi, tukiwa tumetenganishwa na ua tu, hatukuweza kuongea ila kwa kunong'ona. Sasa yuko mwisho wa dunia na kila siku napata meseji zake za sauti, ndefu, za kujaza simu.

"Mzee wangu, huku jua halizami. Jana nimelala nimejifunga soksi machoni. Watoto wananiuliza kesho ni lini na mimi sijui."

Mzee wangu! Nilirudia hiyo sehemu mpaka paka akaondoka.

Siku nyingine: "Leo nimeona mlima wa barafu. Uko ndani ya maji, mkubwa kushinda hiyo nyumba ya Bosi, halafu si mweupe vile ulidhani. Ndani ni bluu, kama ile sabuni ya kipande ya mama yako. Ulipasuka kwa mlio kama wa bunduki, watoto wakanirukia. Na unatembea! Unaenda zako baharini polepole na hakuna mtu anausukuma."

Nikamjibu aniletee kipande, maana huku bomba la maji baridi lilikuwa linatoa chai.

Basi nikaanza kusafiri naye. Asubuhi, wakati wa kutembeza magari, nilichukua lile kubwa la Bosi, simu nikaiweka kwenye kiti cha abiria, nikashika njia ya kaskazini, bahari mkono wa kulia. Nilienda mpaka Lusail, ambako siku hizo kulikuwa ni kreni na vumbi na barabara mpya ambazo hazijaamua zinaenda wapi. Sauti yake inasema, "Sasa tunapita daraja," nami nazunguka raundabauti. Anasema, "Angalia kondoo, wamelala barabarani," nami naangalia wanaume wenye ovaroli za bluu, wamelala chini ya lori kutafuta kivuli. Aliposema amevaa makoti mawili na bado anatetemeka, niliona si haki. Nilifungua AC mpaka mwisho nikavaa sweta langu la kutoka nyumbani. Polisi mmoja aliyesimama kwenye taa aliniangalia kwa huruma. Nikapata mafua ya kweli, Doha, mwezi wa saba.

"Nimeshikwa na homa ya barafu yako," nikamtumia.

"Kunywa tangawizi, mjinga wewe." Halafu nikasikia injini na watoto wakiimba. "Hawa wawili huku mbele wameshikana mikono tangu asubuhi. Bosi anaendesha na mkono mmoja. Nikiwaangalia nachoka."

Nilijua hicho kilikuwa kitu gani. Hata mimi nilikuwa na kiti cha abiria chenye simu.

Meseji iliyofuata niliipata nikiwa nimeegesha Lusail, mbele ya uzio wa mabati.

"Tumeshuka ufuoni, mchanga wake ni mweusi tititi. Barafu zimetupwa na mawimbi, zimekaa kama viti. Madam na Bosi wamekaa juu ya moja nikawapiga picha, wanacheka kama watoto. Halafu Madam akaniambia, kaa na wewe, nikupige moja ya kumtumia kaka yako. Nikakaa. Nikamwambia huyo si kaka yangu. Ni mume wangu."

Ikaishia hapo, na upepo.

Nilituma, "Halafu?" Nikatuma, "Halafu nini, wewe mwanamke?" Nikatuma alama ya kuuliza peke yake. Hakuna. Siku hiyo hakuna, kesho yake hakuna. Picha pia haikuja. Nilitoa sanduku chini ya kitanda nikapanga nguo zangu, na kwa vile halikujaa nikaongeza mto. Kila asubuhi niliendelea kuwasha magari. Nikifukuzwa nifukuzwe, lakini betri hazijamkosea mtu.

Siku ya kurudi nilienda kuwapokea uwanjani. Madam alitoka mbele, ile simu ya laini ya kule iko mkononi mwake, uso haunipi jibu. Mke wangu alikuja nyuma amembeba yule mdogo aliyelala, akaangalia sakafu. Tukapakia mizigo, tukaingia barabarani. Kwenye taa za kwanza Madam aliongea, kwa Kiingereza chake na changu, vyote vya kuokota.

"Wewe. Kweli unakoroma?"

"Hapana, Madam."

"Na kuoga?"

"Kila siku, Madam. Wakati wa joto mara mbili."

"Miaka yote hii nakuombea Mungu upate mke!"

Bosi alicheka mpaka mtoto akaamka. Madam hakucheka, ila alipandisha kioo.

Asubuhi Bosi aliniita uani, kwenye marumaru. Akasema hakuna anayerudishwa nyumbani, wao si watu wa hivyo. Lakini mume na mke kukaa nyumba moja na watoto wanaona, wakati mmoja analala getini na mwingine juu, hilo haliwezekani. "Mama yangu, yule wa mji wa Al Wakrah, anahitaji dereva. Utaenda kwake. Watoto wamemzoea mke wako, yeye atabaki. Ijumaa mko huru, nyote wawili, mpaka magharibi. Khalas, yameisha."

Nilisema shukran mpaka akachoka kuitikia. Nilipofika chumbani sanduku lilikuwa tayari.

Ijumaa ya kwanza alikuja na basi. Tulitembea kando ya bahari ya Al Wakrah, bega kwa bega, wazi, hakuna wa kumficha. Tulikuwa tumezoea kunong'ona, na sasa tulipopewa ruhusa ya sauti tukakosa la kusema. Akaniuliza kama bibi mzee ananilisha. Nikamwambia ananilisha. Akalia kidogo, akafuta uso, akasema ni jua. Kabla ya magharibi nikampandisha basi, watoto lazima waoge.

Mama yake Bosi hakuwa mtu wa kutoka. Gari lilikaa, mimi nikakaa. Kesho yake nilienda kunyoa, si kwamba nywele zilikuwa ndefu. Kinyozi alikuwa Mpakistani. Nilimngoja anifunge kile kitambaa shingoni ndipo nikamwambia, kwa sauti ya duka zima kusikia, kwamba niko na mke hapa hapa Qatar, anafanya kazi Al Sadd.

"Mashallah," akasema. "Anakuja lini?"

"Ijumaa."

"Leo Jumamosi, rafiki."

"Najua," nikasema, naye akaniinamisha kichwa akawasha mashine.