Simu ya Mama Kutoka Dubai

Enzi zetu, mtu akisafiri nje alikuwa amesafiri kweli. Hapakuwa na picha yake akila mayai uwanjani kabla ndege haijapaa. Mama alikuwa akiuza magauni Kariakoo, na alipokwenda Dubai kufuata mzigo tulibaki na simu moja tu, ya mezani, dukani kwa Baba Nilesh, Mhindi wa vitambaa aliyekuwa chini ya ghorofa letu. Duka lake lilinukia udi na nguo mpya.

Utaratibu ulijulikana mtaa mzima. Simu ikilia kidogo ikakatika, Mama amefika salama. Usipokee, utamlia sarafu zake bure. Ikiendelea kulia, kuna shida. Tulicheza rede mlangoni, pilipili ya mihogo bado inawasha midomo, masikio yako ndani.

Siku moja ikalia, ikaendelea kulia. Bibi, mama yake Mama, alikuwa amekaa dukani akapokea. Mama akampa shikamoo, Bibi akaitikia marahaba, kisha akaanza kama kawaida yake: umeamkaje, joto la huko likoje, umekula? Mama alipopata upenyo wa kusema ameibiwa mkoba, pesa na pasipoti ndani, sarafu zikaisha.

Tukamwita Baba kwenye duka lake la vipuri, mtaa wa Gerezani. Alikuja mbio, akaketi juu ya robota la vitambaa, akashika kichwa. Dubai yote ile, na mkewe hana hati wala hela.

"Mama, mtu ana shida, wewe unamuuliza kama amekula?" Baba akamwambia Bibi.

"Nisimuulize? Mwanangu yule." Bibi hata hakuinua uso. "Na amekula. Wali na samaki, kapewa na Mpemba mwenye mgahawa nyuma ya soko la dhahabu. Yuko hapo mpaka sasa."

Baba Nilesh alishaanza kuzungusha namba ya binamu yake wa kule. Binamu akafunga duka, akaenda kumuulizia Mpemba. Jioni tukaambiwa Mama amepatikana, atalala kwao, kesho wampeleke ubalozini akapewe hati ya kurudia. Alirudi bila mzigo, na mtaa ukampokea kama bibi harusi.

Sasa mdogo wangu Neema yuko China. Vijana hawa wamejaliwa. Akipotea, simu inamwonyesha njia. Akishindwa lugha, inamsemea. Sisi anatutumia kidole gumba, basi, amefika. Ni heri, wala sitamani mtu akae tena juu ya robota na kichwa mkononi. Lakini Mama huitazama kwenye ramani ya simu ile nukta ya bluu inayoonyesha alipo Neema, na haimtoshi.

Jana alimpigia. Neema akakata, akaandika kwamba yuko bize, atatuma ujumbe. Mama akapiga tena, na tena, mpaka ikapokelewa.

"Nimeshaona ulipo," akamwambia. "Sasa ongea nikusikie."