Kizibao cha Sumaku

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Kisiwani, nyumba yetu ilipokuwa inabomolewa. Nilidhani nitalia, rafiki yangu, hata kitenge cha kufutia machozi nilikiweka begani. Kilibaki kikavu. Mafundi waling'oa mabati, wakakaa kunywa chai, nami nikawamiminia kama mpita njia. Ukuta wa jikoni ulipobaki peke yake juani, ndipo nilipomkumbuka kaka yangu na sumaku zake.

Baba alikuwa askari wa wanyamapori huko nyikani, chini ya milima. Alirudi nyumbani mara chache, ananukia vumbi na moshi wa kuni. Kiangazi kimoja alirudi kabla ya wakati, mkono umefungwa shingoni. Majangili walikuwa wamempiga risasi ya bega. Bibi, aliyetulea tangu mama alipofariki, alimwogesha kwa maji ya vuguvugu, akampakulia makande, akasema lile alilolisema kwa kila msiba: "Ajali haina kinga."

Kaka alisimama, akatoka nje bila kula. Wakati huo alikuwa darasa la saba, mkubwa wangu kwa miaka michache.

Kesho yake alianza kukusanya sumaku. Alizitoa kwenye spika za redio mbovu kwa fundi pale sokoni, na malipo yake yalikuwa kumchotea maji. Alinieleza tukiwa tunachambua maharage: sumaku huvuta chuma, basi sumaku nyingi zikiwekwa pamoja zitaikamata risasi, au angalau zitaipindisha impite baba pembeni. Mimi niliamini. Bibi alitupa kizibao kikuukuu cha babu, kaka akashona mifuko kifuani na mgongoni, akazijaza.

Tulikijaribu nyuma ya jiko. Kaka alikitundika ukutani, akachukua manati na gololi za chuma za baiskeli. Aliporusha polepole, gololi ilinasa kwenye kizibao, tak! Nikapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Akavuta mpira kwa nguvu. Gololi ikapita kama vile hapakuwa na kitu, ikabomoa udongo wa ukuta. Akarudia hadi ukuta ukawa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Hazitoshi," alisema. "Niongeze nyingine."

Mwalimu wetu wa sayansi alipita jioni hiyo kumjulia baba hali. Aliviona vishimo, akauliza, kaka akamweleza yote. Mwalimu hakucheka. Alichuchumaa karibu naye.

"Mwanangu, risasi inaitwa risasi kwa sababu imetengenezwa kwa madini ya risasi, na juu yake wamevisha shaba. Sumaku haivuti hivyo viwili."

"Na zile zenye chuma ndani?"

"Zinakwenda kasi mno, zitakuwa zimepita kabla sumaku haijazishika. Ingehitajika sumaku kubwa kuliko shule yetu. Na hiyo ingeanza kwa kumnyang'anya baba yako bunduki yake mwenyewe."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Bega lilipopona, asubuhi ya kuondoka, alikiomba kile kizibao. Kaka alimwambia, "Baba, hakifanyi kazi. Mwalimu amesema."

"Nimemsikia," baba akajibu. "Nipe tu."

Alikivaa ndani ya sare, akapanda gari la kazini. Tulimpungia mkono. Kisha tukaenda kufungulia mfereji maji yaingie kwenye mahindi, maana ilikuwa zamu yetu.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza waliponiletea habari za baba. Nasema waliniletea mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa uani. Mwenzake baba wa kazi alimsalimu bibi, "Shikamoo mama," halafu akavua kofia. Baada ya mazishi alitukabidhi kizibao kikiwa kimefuliwa. Alisema baba hakuwahi kukiacha kambini hata siku moja, ingawa kilikuwa kizito na wenzake walimtania. Tundu lilikuwa ubavuni, kati ya mfuko na mfuko. Kaka aliingiza kidole, akakitoa, akakikunja kizibao vizuri, akaenda kufunga mbuzi. Sikumwona akilia, wala yeye hakuniona mimi. Tulikula, tukalala, shule ikaendelea.

Siku ile ya kubomoa nilimpigia simu, yuko mbali siku hizi, nikamuuliza kama kuna kitu anataka kitunzwe.

"Hakuna. Waache wabomoe," akasema, kisha akaniuliza kuhusu mvua.

Bibi hayupo. Redio zile hazitengenezwi tena. Maneno ya baba ninayo yote, naweza kukutajia moja moja. Lakini nilipokuwa nangoja gari la kwenda Same, nilijaribu kuyasikia kwa sauti yake, nikasikia sauti yangu.