Uso Niliokatazwa

Wanaoniona nikizunguka na kamera mitaa ya Tukuyu usiku, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, huniuliza natafuta nini. Nawaambia natuliza mawazo. Ni kweli. Mchana napiga picha za pasipoti na za vipaimara. Usiku najipigia zangu: duka linalofungwa, madereva wa bodaboda waliojikunyata ndani ya makoti ya mvua, lami iliyolowa. Moyo hupoa kidogo. Lakini lipo ambalo sikuwaambia. Nilikuwa namwinda mzee mmoja.

Baba mkwe wangu. Kwetu mke hatazamani na baba wa mumewe. Miaka sita niliyokaa Kisondela, nikisikia kikohozi chake njiani, nilikuwa naingia migombani na ndoo yangu kichwani, nampa mgongo mpaka apite. Nilikijua kikohozi, na mlio wa fimbo yake. Uso sikuujua.

Mume wangu alipofariki, siku ya kumaliza msiba, mzee alitangaza uani kwamba niondoke, na picha za marehemu zibaki kwa ukoo. Zote, hata ya harusi, hata zilizokuwa kwenye simu yake. Simu yangu ilikuwa ya tochi tu, haipigi picha. Nilikuwa jikoni kwa kina mama, nimejifunika kanga. Kumjibu ilikuwa mwiko, nikanyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonitoa pale mikono mitupu. Kanisani naimba, lakini sijamsamehe.

Juzi, mvua imekatika, nikakisikia kikohozi kile nyuma yangu, karibu na stendi. Miguu yangu ikaanza kutafuta migomba. Nikaikatalia. Nikageuka, nikainua kamera, nikabonyeza. Alikuwa amesimama chini ya taa ya duka la dawa.

Hakunisemesha, hata kwa hasira hawezi; mwiko unamfunga na yeye. Aliwageukia madereva wa bodaboda. "Mwambieni huyo mwanamke apishe!"

"Apishe aende wapi, mzee? Barabara si ya wote?"

Nikabonyeza tena. Basi akajifunika koti kichwani, akashuka mtaroni, maji yakimpita juu ya viatu, akasimama ameutazama ukuta mpaka nipite. Nilipita polepole. Nilisimama hata kufunga kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa. Sijafurahi namna ile tangu nivue nguo nyeusi.

Nyumbani nikaifungua ile picha ya kwanza kwenye kompyuta ili niicheke vizuri. Nikaikuza. Nyusi zile. Mdomo ule ulioinama upande mmoja. Masikio. Alikuwa mume wangu, amezeeka.

Nililia, siwezi kuficha. Halafu nikacheka peke yangu kama mwehu. Mzee alizifungia picha zote sandukuni, akasahau moja aliyokuwa akitembea nayo.

Nimeichapisha kubwa, nimeitundika mbele ya kitanda changu. Akiitaka na hiyo, aje aiombe mwenyewe, huku ananitazama usoni.