Nilisema "Wavuvi Simameni", Shemeji Yangu Akasimama

Admin, ficha jina langu, ijapokuwa ni kazi ya bure, sababu kutoka Kasongo mpaka Kabambare mutu akisoma hiki kisa atajua ni mimi. Niko mwanaume wa miaka makumi tano na tatu, baba wa watoto saba, na tangu miaka ishirini neno la Mungu likifika huku kwa Kifaransa haliingii mu masikio ya mutu bila kupita kwanza mu kinywa changu. Mimi ndiye mufasiri. Kifaransa nilikisoma mpaka secondaire, na wahubiri wa Kinshasa wenyewe wanasema hawajaona kama mimi. Siku moja ya ubatizo mamba alitokea mu Lualaba, nikamutolea neno moja tu la Kifaransa, akageuka akaenda zake. Watu waliona.

Leo ninaandika na hasira. Kuna kijana, mwalimu wa Kifaransa, ndevu hazijaota sawasawa, amenikalisha chini kama mutoto wa shule. Acha nianzie mwanzo.

Miezi mitatu iliyopita mugeni alikuja kuhubiri kwetu Nyangwe. Kiswahili hajui hata cha kuomba maji. Akasoma pale Yesu anapanda mutumbwi wa Petro, nyavu zinajaa samaki, kisha Petro anapiga magoti. Kwa Kifaransa Petro akajiita pécheur. Nikatafsiri: "Bwana, ondoka kwangu, mimi ni muvuvi." Kosa liko wapi? Petro hakuwa muvuvi? Kanisa lote likasema amina. Mugeni akapata moto, akapiga meza, akaita pécheurs wote wasimame. Nikapaza sauti kumupita yeye: "Wavuvi wote, simameni."

Wakasimama wanaume tisa, wote wenye kunuka samaki. Mugeni akaangalia kanisa lililojaa mpaka mulangoni, akaniinamia sikioni, akauliza kama ni hao tu. Nikamujibu: "Oui, pasteur. Wengine wote ni walimaji." Akashika kichwa. Kisha akawageukia wale tisa, akawahubiri na machozi: waache ile maisha, inanuka mbele za Mungu, leo hii watupe vyombo vyake vyote. Nikatafsiri yote, na utamu kidogo nikaongeza: "Hata harufu yake iko mu nguo zenu." Siku ile hakuna aliyesinzia.

Wanane walirudi ku maji hata wiki haijaisha. Wa tisa ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mudogo. Huyu mutu akisema amina, imekwisha. Nyavu akamupa jirani yake Mwislamu, mutumbwi akaulaza kifudifudi nyuma ya nyumba. Sasa analima muhogo na ile mikono yake ya maji, imejaa malengelenge. Na dada yangu, ambaye samaki wake wa kukausha walikuwa wanaulizwa mpaka Kasongo, moto wake umezimika.

Alikuja kwangu, mimi kaka yake mukubwa, hata salamu hakutoa. "Yaya, watoto wanakula sombe ya muhogo na chumvi, mwezi wa tatu sasa. Mungu na samaki waligombana wapi?"

Nikaenda kuona shemeji. Nikamwambia, "Shemeji, Mungu si mukali hivyo. Rudi ku maji."

Akasimamisha jembe. "Petro aliacha nyavu. Wewe ndiye ulisema, tena ulisema na machozi."

"Aliyelia ni muhubiri. Mimi nilimufuata tu."

"Basi mulilia wawili."

Jirani naye akachungulia juu ya luwa, ule uzio wa nyumba: "Nyavu zako ninazitunza vizuri, jirani. Siku Mungu wenu akibadilisha mawazo, uniambie." Nikashika njia ya kurudi kwangu.

Sasa shemeji anasema Jumatatu anapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Salamabila kuchimba dhahabu. Mutu anayeogopa kuinama juu ya kisima. Mashimo ya kule yanafunika watu, wote tunajua, na dada yangu iko na watoto watano.

Ndipo yule mwalimu akapata habari. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, pécheur ni mwenye zambi. Pêcheur ndiye muvuvi." Akayaandika yote mawili mu vumbi na kidole. Moja iko na kajiti juu, ingine iko na kakofia. Niambieni ninyi, nani anasikia kofia mu kinywa cha mutu? Hasira yangu ya kwanza ni ya Wafaransa. Walikosa majina? Mutu anayelisha watoto wake na mutu wa zambi wanawaita sawasawa. Ya pili ni ya huyu kijana, sababu hakuishia ku kucheka. Alisema: "Mzee, Jumapili simama useme mwenyewe mbele ya kanisa. Usiposema, nitasema mimi." Mimi niliyeanza kutafsiri yeye akiwa bado anabebwa mugongoni. Ya tatu ni ya shemeji. Watu tisa walisikia, yeye peke yake akatii.

Nikisema, mimbari ndiyo basi. Wataanza kuuliza mahubiri yote ya miaka ishirini, moja moja, na kuna mengine mimi mwenyewe sipendi yaulizwe. Nikinyamaza, kijana atasema na nitaaibika mara mbili, ao hatasema, na Jumatatu moto itamubeba shemeji. Ninyi mulio wengi ku huu ukurasa, nipeni maneno. Jumapili nitasimama mbele ya shemeji niseme nini, na nianzie wapi?

Na sababu jina langu limefichwa, niongeze hili. Secondaire sikufika. Nilikomea primaire, shule ya watoto wadogo, na saa ya Kifaransa ikifika nilikuwa ninatoroka kwa dirisha. Nilikuwa ninaenda ku mto, kuvua samaki. Aliyenifundisha kutupa wavu ni huyu huyu shemeji.